Shajara ya mradi: c na g, ngumu na laini, kwa wanafunzi wa P4

Ingizo la 1: Tunachojenga

Mradi huu unatengeneza mafungu mawili ya kadi, kadi moja yenye dirisha na rekodi za sauti. Vyote ni vya kufundishia herufi mbili tu za Kiingereza, c na g, katika shule za msingi za Uganda. Walengwa ni wanafunzi wa P4, yaani darasa la nne la shule ya msingi, na walimu wao. P4 imechaguliwa kwa sababu katika mtaala ulioanza 2007 mtoto husoma P1 hadi P3 kwa lugha ya eneo lake, kisha P4 ndiyo mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza. Hapo ndipo herufi aliyoizoea inapoanza kutamkwa vingine bila onyo. Kiswahili nacho kimo njiani: marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu kichwani, zote za alfabeti ileile ya Kilatini.

Msimamo unaoongoza kazi yote ni huu: mtoto anayesoma "city" kama "chiti" hajabahatisha. Ametumia kanuni sahihi ya lugha nyingine. Kazi ya kadi ni kumwonyesha kanuni ipi inatawala ukurasa alioufungua, na Kiswahili kina nyenzo nyingi za kumsaidia kuliko tunazozitumia darasani.

Ingizo la 2: Istilahi

Jambo dogo linaloleta mkanganyiko mkubwa. Katika fonolojia, yaani elimu ya sauti za lugha, ya Kiswahili, k na g ni sauti za kaakaa laini, sehemu ya nyuma ya paa la kinywa. Katika somo la Kiingereza, k na g hizohizo huitwa ngumu, na s na j ndizo laini. Mwalimu anayefundisha masomo yote mawili akisema "k ni ngumu" asubuhi na "k ni ya kaakaa laini" mchana, wanafunzi wanaofuatilia kwa makini ndio wanaopotea zaidi. Uamuzi: kadi zenyewe hazina neno ngumu wala laini. Zinasema "c ya k", "c ya s", "g ya g" na "g ya j". Maneno ngumu na laini yamebaki kwenye mwongozo wa mwalimu, pamoja na maelezo kwamba ugumu hapa ni kuziba hewa kabisa na kuiachia kwa mpasuko, na ulaini ni hewa kupita kwa kukwaruza, ama tangu mwanzo kama s, ama baada ya kuzibwa kidogo kama j.

Ingizo la 3: Ulainishaji uliomo tayari katika Kiswahili

Zoezi la kufungulia kipindi. Tamka "kuku", kisha "kiti", polepole, ukisimama kabla ya kuiachia k. Kwenye "kuku" mgongo wa ulimi umegusa nyuma kabisa. Kwenye "kiti" mguso umesogea mbele, kwa sababu ulimi tayari unajiandaa kwa i. Irabu e na i ni za mbele, nazo huivuta konsonanti iliyozitangulia. Mvuto huo ukiendelea vizazi kwa vizazi, k huishia kuwa ch, s au sh, na g huishia kuwa j au z. Kilatini kilipitia hayo. Mwanzoni c yake ilikuwa k popote ilipokaa. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili ina Kaisari kwa k, jina lililofika kupitia Kigiriki. Baadaye c iliyo mbele ya e na i ililainika. Kiitaliano kikaishia kwenye ch, Kifaransa kikaishia kwenye s, na c hiyo ya s ikaingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha Wanormani, waliovamia Uingereza 1066.

Mtoto wa Kiswahili anaujua ulainishaji huu bila kufundishwa. Anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi, anayecheka na kuchekesha ni mcheshi, anayejenga ni mjenzi. Taa inayowaka imewashwa. Kiganda kinafanya hivyohivyo: okuwandiika huzaa omuwandiisi. Kiingereza nacho kina "electric" na "electricity", "critic" na "criticise".

Tofauti iko kwenye maandishi, nayo ndiyo kiini cha mradi. Kiswahili sauti ikibadilika hubadilisha na herufi: k inaondoka, sh inaandikwa. Kiingereza hubadilisha sauti na kuiacha herufi palepale. Ubaoni tunaandika safu mbili, "andika, mwandishi" upande mmoja na "electric, electricity" upande wa pili, kisha wanafunzi wanapigia mstari kilichobadilika kwa macho na kuzungushia duara kilichobadilika kwa sikio. Upande wa Kiswahili mstari na duara vinaangukia mahali pamoja. Upande wa Kiingereza c ina duara bila mstari. Dakika kumi zinatosha, na zoezi hili lisirukwe hata kipindi kikiwa kifupi.

Tahadhari kwa mwalimu: mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini "haandiki" haijawa "haandishi". Swali ni zuri na lina jibu. Kibantu cha kale kilikuwa na irabu 7, mojawapo ikiwa i ya juu sana, na ndiyo iliyozilainisha konsonanti katika majina ya watendaji. Kiswahili kimebaki na irabu 5, na i ya leo hailainishi tena. Kwa hiyo "kiti", "akili" na "haandiki" zinabaki na k yake. Jibu hili litafaa tena tukifika kwenye g ya Kiingereza, ambako nako tabaka la historia ndilo linaloamua.

Ingizo la 4: Herufi c katika lugha za nyumbani

Kiswahili hakina c peke yake. Huiandika pamoja na h tu. Kiganda kinayo, nayo daima ni ch: chai huandikwa "caayi", chupa "eccupa". Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, ni hivyohivyo. Hospitali ya Lacor hutamkwa Lachor, uwanja wa Pece mjini Gulu ni Peche. Maneno ya mkopo ya zamani yanaonyesha c ilivyobeba hata s na sh za wageni: shule ni "cukul", sukari ni "cukari". Wilaya ya Apac, kwa Walango, ni Apach. Mtoto aliyelelewa na ramani hiyo akikuta "cent" na kusema "chent", ameisoma vizuri kabisa, ila kwa lugha isiyo yenyewe. Waandishi wa Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani, walifanya vivyo hivyo: waliandika "cild" na kutamka ch, neno ambalo leo ni "child".

Kiganda kina jambo jingine. K na g zikiwa mbele ya i, na pia katika ky na gy, wasemaji wengi huzilainisha hadi karibu na ch na j. Kyambogo husikika kama Chambogo. Tena ky hiyo ni ndugu wa ch ya Kiswahili: "ekyuma" ni chuma, ki- iliyokutana na irabu. Matokeo yake, mwanafunzi wa Kampala anaweza kusoma "kitabu" kama "chitabu" katika somo la Kiswahili na "king" kwa ch katika somo la Kiingereza. Kwa Kiswahili dawa ni jozi zinazobadilisha maana: "anamkimbia" na "anamchimbia" kwanza, kwa kuwa hapo k iko mbele ya i, mahali penye tatizo lenyewe. Baadaye "kura" na "chura", "keki" na "cheki". Kuanza na "kura" na "chura" ni kupoteza muda, maana mbele ya u mwanafunzi wa Kiganda hana shida.

Kwa wasio na sh katika lugha yao, wasemaji wa Kiganda wakiwemo, ongeza "saba" na "shaba", "suka" na "shuka".

Ingizo la 5: Kadi na dirisha

Hali: vimekamilika.

Karatasi ni manila ya A4, ya gramu 200. Kila moja hukatwa vipande vinne, kadi ikawa sentimita 10.5 kwa 14.85. Fungu la c lina kadi 96, yaani karatasi 24. Fungu la g lina kadi 72, yaani karatasi 18. Neno huandikwa kwa kulala, kila herufi ndani ya kisanduku cha penseli chenye upana wa sentimita 1.4. Neno la herufi 8 kama "accident" linachukua sentimita 11.2 na kuacha ukingo wa sentimita 1.8 hivi kila upande. Maneno marefu zaidi huandikwa kwenye vipande virefu vya karatasi nzima.

Visanduku si pambo. Kadi ya dirisha ni gamba la boksi lenye tundu la upana wa sentimita 2.8 na urefu wa 4, linaloonyesha herufi mbili kamili: c au g, na jirani yake wa kulia. Ukiandika kwa mkono huru, i na l huwa nyembamba, herufi ya tatu inachungulia, na mtoto anaanza kukisia neno zima badala ya kumtazama jirani. Tundu likatwe kwa wembe mpya na rula ya chuma, kisha kingo zizungushiwe seloteipu, la sivyo boksi huchanika kwenye pembe.

Matumizi: telezesha dirisha hadi c ikae kushoto. Ukiona e, i au y kulia, ni c ya s. Ukiona irabu nyingine, konsonanti au nafasi tupu, ni c ya k. Ukiona h, weka kadi pembeni. Hiyo ni kazi nyingine.

Jibu liko nyuma ya kadi. Rangi peke yake haifai, kwa sababu shule nyingi hutoa nakala nyeusi na nyeupe, na wapo watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani. Tumeweka mstari mnyoofu chini ya herufi ngumu na mstari wa mawimbi chini ya laini. Rangi ni nyongeza tu.

Ingizo la 6: Fungu la c

Herufi c inatii sana, hivyo ndiyo ya kuanzia. Maneno ya shambani karibu yote ni c ya k: "cow", "coffee", "cotton", "cassava", "crop". Ya mjini na darasani yanaleta c ya s: "city", "police", "pencil", "circle", "rice" ikiwa sahanini.

Utamu uko kwenye maneno yenye c mbili, kwa sababu kila c humtazama jirani yake mwenyewe. "Bicycle": c ya kwanza inaona y, ni s, ya pili inaona l, ni k. Kiswahili kimeyaandika yote hayo waziwazi: baiskeli. "Circus" ni sarakasi, s mbele ya i, k mbele ya u. Katika "accident" na "success" c ya kwanza inaona c mwenzake, ni k. Ya pili inaona e au i, ni s. Ukiziunganisha unapata ks. Katika "account" na "tobacco" zote mbili ni k, zinasikika kama moja. Watoto hukosea hapa pale dirisha linaporukishwa hadi c ya pili bila kusimama kwenye ya kwanza.

Maneno ya mkopo ya Kiswahili tumeyafanya kadi za ushahidi. Mwanafunzi akikwama, anatafuta neno la Kiswahili lenye asili moja na kusoma sauti humo: sayansi, leseni, ofisi, akaunti, kamera. Hakuna lugha nyingine darasani inayoiandika sauti ya Kiingereza kwa uaminifu hivyo.

Zinazovunja kanuni ni chache, nazo zimewekwa kwenye bahasha yao: "soccer" ni k ingawa e iko hapo, "cello" ni ch kwa sababu ni ya Kiitaliano, "facade" ni s mbele ya a. Kundi moja si la bahasha kwa kuwa ni kubwa na lina utaratibu wake: c ikifuatwa na i au e na kisha irabu nyingine katika silabi isiyo na mkazo, hutoa sh. "Special", "social", "ocean", "musician". Kundi hili lifundishwe baada ya mwezi wa kwanza. Likiingizwa mapema, watoto huanza kusoma hata "city" kwa sh.

Ingizo la 7: Fungu la g

Hapa dirisha linasaidia nusu ya safari. G mbele ya a, o, u na konsonanti ni ngumu karibu daima: "goat", "garden", "groundnut". "Margarine", ambayo wengi huitamka kwa j, imeingia bahasha ya vunja-kanuni. Mbele ya e, i na y huenda ikawa j kama "gem", "giant", "magic", "energy", au ikabaki g kama "get", "give", "girl", "begin", "tiger". Chanzo ni tabaka za historia. Maneno mengi ya j yaliingia kutoka Kifaransa na Kilatini. "Get" na "give" ni ya asili ya familia ya lugha za Kijerumani, yakatiwa nguvu na Kinorsi cha kale, lugha ya Waskandinavia, nayo hayakupitia ulainishaji ule wa Kifaransa.

Kwa darasa, historia hiyo inageuzwa kuwa kanuni ya kukadiria: neno fupi la kila siku, hasa kitenzi, jaribu g kwanza, neno refu la kitabuni, jaribu j kwanza. Mwisho wa neno, -ge na -dge ni j karibu daima: "page", "bridge". Fungu lina kadi 36 za g ngumu, 24 za j na 12 za vighairi vya kukariri, na hizo 12 zirudiwe kila juma.

Ushahidi wa Kiswahili hapa una thamani hata kuliko kwenye c. "Garage" ni gereji: g mbele ya a, j mbele ya e. "Geography" ni jiografia: j mbele ya e, g mbele ya r. "Engine" ni injini, "oxygen" oksijeni, "digital" dijitali. Hata kighairi kinanaswa: "gear" ni gia, wala si "jia". Na "guitar" ni gitaa, inayoonyesha kwamba u ile haitamkwi. Imewekwa kama ukuta kati ya g na i ili g ibaki ngumu. "Guess", "guest" na "guide" zina ukuta huohuo. Kwa maneno haya upana wa dirisha unatosha, maana linaonyesha gu na jibu linatoka sahihi. Makosa huja baadaye, mtoto anapoitamka u na kusema "gwesi".

Kisha utatu unaostahili kipindi kizima: "singer", "finger", "ginger". Kwa macho yote yanaishia na -inger ileile, na Kiingereza hakina alama ya kuyatenga. Kiswahili kinazo tatu. "Singer" ina ng' ya ng'ombe. "Finger" ina ng ya ngoma. "Ginger" ina nj ya njaa. Mwalimu aandike maneno matatu, aweke ng', ng na nj juu ya kila moja, kisha darasa liongeze mengine: "hanger" chini ya ng', "hunger" na "anger" chini ya ng, "danger" na "stranger" chini ya nj. Wasemaji wa Kiganda na Waacholi wana ŋ katika alfabeti zao, kwa hiyo ng' haiwasumbui kutamka. Wanachokosa ni kujua ni wapi pa kuitumia.

Ingizo la 8: Viambishi tamati

Kanuni ya jirani inaeleza tahajia ambazo wanafunzi hukariri kwa uchungu. "Notice" ikichukua -able hubaki na e, "noticeable", kwa sababu ukiiondoa c itakutana na a na kuwa k. Ikichukua -ing, e inaondoka bila madhara, kwa kuwa i inaishika c palepale: "noticing". "Manage" hivyohivyo: "manageable", "managing". Upande wa pili, "picnic" na "traffic" zinaishia na k ya sauti. Ukiongeza -ing moja kwa moja c itageuka s. Ndiyo maana huongezwa k: "picnicking", "trafficking". Mwanafunzi wa P4 haya hayahitaji. Yamewekwa kwa P6 na P7.

Ingizo la 9: Rekodi

Hali: fungu la c limerekodiwa, fungu la g linaendelea.

Simu yoyote nzuri inatosha, ila mpangilio wake uwe wa faili la WAV, chaneli moja, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde. Sampuli 8,000 zinabeba masafa hadi hezi 4,000 tu, na sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya hapo. Ukirekodi hivyo, s na f zinafanana, na kadi ya "cell" inasikika kama "fell". Kinasa sauti kikae sentimita 20 kutoka mdomoni, kando kidogo, si mbele kabisa, ili pumzi ya p isikipige. Chumba kiwe na magodoro au mapazia. Chini ya mabati, mvua ikianza, acha kazi. Mlio wake umetanda kwenye masafa yaleyale ya s na sh, na hakuna programu itakayouondoa bila kuzila sauti zenyewe.

Kila neno lisemwe ndani ya sentensi moja isiyobadilika, "Say city again", kwa sababu neno lililotamkwa peke yake huvutwa na kushushwa mwishoni. Acha kimya cha sekunde moja kabla na baada, kisha kata.

Ingizo la 10: Kinachofuata

Fungu la ch limeanza kukusanywa. Lina sauti tatu, na kadi zake za ushahidi tayari zipo: chokoleti kwa ch, kemia na mekanika kwa k, mashine kwa sh. Maneno ya k mengi yametoka Kigiriki, ya sh Kifaransa cha karne za karibuni. Dirisha lake litakuwa la sentimita 4.2, herufi tatu, ingawa kwa ch jirani hasaidii sana. Tunalipima kwanza kabla ya kukata mengi.

Th itafuata, na itakuwa nyepesi, kwa kuwa Kiswahili kinatenganisha th ya thamani na dh ya dhahabu: "think" ni ya kwanza, "this" ni ya pili. Gh tumeiahirisha. "Ghost", "laugh" na "night" hazina kanuni ya jirani ya kushikilia, na kuziingiza sasa kutavunja imani ya watoto kwa dirisha.

Kwa shule za kaskazini, maneno ya mazoezi yanabadilishwa ili Lacor na Pece ziwe kadi za kufungulia somo, upande mmoja jina la mahali kwa c ya nyumbani, upande wa pili neno la Kiingereza lenye c mbele ya irabu ileile: Lacor na "corn", Pece na "cent".